Mgonjwa Wangu wa Mtihani Alinikana

Mama mkwe wangu aliniangalia usoni, mimi ninayeishi naye nyumba moja miaka nenda rudi, akamgeukia mtahini akasema, "Huyu dada simjui."

Hakutikisa hata kope.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chake, sare ya chuo nimeipiga pasi mpaka inakata, sinia la vifaa mkononi. Jamani, mtu mzima ananikana mchana kweupe!

Ngoja nirudi nyuma kidogo tuende pamoja.

Mimi nilikuwa muuguzi msaidizi. Wale mnaowaona wodini wanatandika vitanda, wanaogesha wagonjwa, wanapima joto, wanakimbia na mabeseni. Kazi naipenda, sikatai. Lakini kuna mahali huvuki. Mgonjwa anazidiwa mbele ya macho yako, na wewe unatakiwa ukamtafute muuguzi aliyesajiliwa ndiyo aje aamue.

Jina langu pale wodini lilikuwa Msaidizi. Msaidizi njoo, Msaidizi leta. Hata wagonjwa waliniita hivyo.

Siku moja nikasema basi, imetosha. Narudi chuo nikajiendeleze, na mimi nisajiliwe.

Mume wangu hakuwa na neno. Shida ikawa mama yake.

"Wenzako wanasomesha watoto, wewe unataka kusomeshwa," akaniambia, mikono kiunoni. "Na hawa wajukuu zangu unamwachia nani? Paka?"

"Nakuachia wewe mama, ukiniridhia."

"Mimi si yaya wako!"

Nikaondoka hivyo hivyo, machozi yananilengalenga. Chuo kilikuwa mbali, nikawa nalala bweni. Watoto alibaki nao, sitamsingizia, lakini kila nikipiga simu ananijibu kwa mkato utadhani maneno yamepanda bei. Mambo ya wakwe mnayajua wenyewe.

Basi ikafika siku ya mtihani wa mwisho wa vitendo. Hiyo ndiyo ngoma yenyewe. Wa kuandika unaweza ukakariri. Huu unaingizwa wodini, unapewa mgonjwa wa kweli, humchagui, unamhudumia mwanzo mpaka mwisho na mtahini kasimama mgongoni kwako. Ukianguka hapa hakuna usajili, unarudi kwenye mabeseni yako.

Na mtahini wetu sasa! Tulimbatiza Madam Chuma. Hacheki, na nadhani hata chafya haimpati. Mwenzangu aliyetangulia, kitanda cha jirani, alitoka analia kwa kwikwi.

"Wewe, kitanda cha dirishani," akaniambia.

Nikavuta pazia, nikamkuta mama mkwe.

Mguu umevimba, kidonda juu ya kifundo kimewiva, uso umesinyaa. Sikuwa na habari kama anaumwa. Kumbe alikuwa ameletwa asubuhi ile ile, na mume wangu alinificha makusudi nisije nikachanganyikiwa kwenye mtihani. Hakujua kwamba hospitali aliyompeleka ndiyo ile chuo kilikotupeleka kufanyia mtihani.

Madam Chuma akasema maneno anayowaambia wagonjwa wote: "Mama, sheria yetu mwanafunzi hahudumii ndugu yake. Kama mnafahamiana niambie, namtoa, atasubiri awamu nyingine. Unamjua huyu?"

Ndipo mama mkwe akajibu kwamba hanijui.

Nikafungua mdomo niseme. Madam Chuma akaangalia saa. "Haya anza. Unasubiri ngoma ipigwe?"

Nikaufunga. Ulikuwa woga au tamaa, sijui, nipeni jina mnalotaka. Nikaanza.

Moyoni nilikuwa nachemka. Nilijua ananichukia, lakini sikujua imefika huku.

Nikapima presha. Mapigo. Joto. Kazi inakwenda. Nikaingia kwenye maswali.

"Mama, una ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

"Sina."

Uongo. Ana presha.

"Unatumia dawa yoyote nyumbani?"

"Situmii."

Uongo tena! Vidonge vya presha anavimeza kila siku akishamaliza chai, na asipoviona nyumba nzima haikaliki.

"Kuna dawa iliyowahi kukudhuru?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi mzima kabisa, ni huu mguu tu."

Hapo damu ikanisimama.

Kabla sijaenda chuo, mama huyu huyu alichomwa penisilini kwenye zahanati ya karibu na kwetu. Hatujafika hata getini, midomo ikavimba, macho yakafumba, akawa anavuta pumzi kama mtu anayezama. Mimi ndiye niliyembeba kumrudisha ndani. Daktari alimwambia mbele yangu: usichomwe tena dawa hii, itakuua.

Nikafunua faili. Daktari wa zamu ameandika aanzishiwe sindano ya penisilini. Pale pa kuandika dawa zinazomdhuru, hakuna aliyemuuliza. Peupe.

Na sindano ya kwanza, wa kuichoma ni mimi. Sasa hivi.

"Mama, fikiria vizuri," nikamwambia. "Hujawahi kuchomwa sindano ukavimba? Ukashindwa kupumua?"

Akanikazia macho makali. "Nimeshasema sijawahi. Mbona unanisumbua?"

"Ameshakujibu," Madam Chuma akasema nyuma yangu. "Endelea."

Nikachukua kichupa. Nikavuta dawa. Jasho jembamba likanitoka kwapani mpaka kiunoni.

Kichwani mahesabu yanakimbia. Nikisema ana mzio, nitaulizwa nimejuaje, wakati mwenyewe kakana na faili halina kitu. Nikisema ni mama mkwe wangu, mtihani umekufa. Nikijifanya nimeangusha dawa, wataleta nyingine. Nikijifanya naumwa tumbo, ataingia mwenzangu amchome yeye, tena kwa moyo mkunjufu, maana ameambiwa hakuna tatizo.

Nikapaka spiriti begani kwake. Ngozi ilikuwa ya moto.

Mama katulia tuli. Ananiangalia.

Kishetani kikaninong'oneza, labda safari hii haitamdhuru. Labda mwili umezoea.

Nikaweka bomba la sindano kwenye sinia.

"Madam, sichomi."

"Kwa sababu gani?"

"Penisilini inamdhuru. Itamuua."

"Amesema hakuna dawa inayomdhuru. Faili halina kitu. Wewe umejuaje?"

Nikamgeukia uso kwa uso.

"Ni mama mkwe wangu, Madam. Naishi naye."

Mama akafunga macho, akaachia msonyo mrefu uliosikika mpaka kitanda cha tatu. "Ah! Huyu naye!"

Madam Chuma hakupayuka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akachukua faili, akaandika kwa wino mwekundu, akatuma mtu amwite daktari abadilishe dawa. Kisha akanigeukia.

"Ulijua ni ndugu tangu unavuta pazia, ukanyamaza. Mtihani wako umefutwa. Utakuja awamu ijayo."

"Nimefeli, Madam?"

"Ungechoma ndiyo ungefeli. Nimesema umefutwa." Akaondoka, viatu vyake vinagonga sakafu.

Nikabaki pale na sinia langu, miezi yote ya bweni imeyeyuka. Nikamgeukia mama. Hasira zote nilizokuwa nimezibana zikafumuka.

"Mama, nimekukosea nini mimi? Unikane, sawa. Lakini kudanganya mpaka ufe mikononi mwangu? Ili iweje?"

Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nani kakukosesha? Mimi nilikuwa nakusaidia, umeharibu mwenyewe!"

"Kunisaidia?"

"Si nimesikia wamesema ndugu haruhusiwi? Nikasema simjui, wakuache ufanye mtihani wako. Halafu yule mwenzio wa hapo jirani, mgonjwa wake ana sukari, ana figo, ana sijui nini, huyu mtahini wenu kamuuliza mwenzio maswali mpaka kamliza. Nikasema mimi nitakuwa mgonjwa mwepesi. Sina hiki, sina kile. Umalize upesi, ufaulu, urudi nyumbani. Watoto wanakuulizia kila siku, nimechoka kuwadanganya."

Nikakaa pembeni ya kitanda, kitu ambacho tunakatazwa.

"Na sindano je, mama? Si uliniona naivuta?"

"Niliiona."

"Hukuogopa?"

"Niogope nini, na aliyeishika ni wewe?" Akaurekebisha mguu wake taratibu, akaguna kwa maumivu. "Siku ile si wewe uliyenibeba? Mimi majina ya dawa siyajui. Nilijua unajua."

Nililia, ndugu zangu. Nililia kuliko yule mwenzangu. Huyu mama alikuwa ananyoosha bega lake kwangu kwa amani kabisa, huku mimi kichwani napambana na shetani. Alikuwa na uhakika na mkono wangu kuliko mimi mwenyewe.

Awamu iliyofuata nikarudi. Mtahini, Madam Chuma. Mgonjwa, mzee nisiyemjua hata kwa ndoto. Nikafaulu.

Nilipopiga simu nyumbani kutoa habari, mama mkwe akapiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Halafu akarudi kwenye hali yake. "Haya, njoo uchukue watoto wako."

Sasa mimi ndiye muuguzi anayeitwa mambo yakiharibika, na wanaoniita Msaidizi ni wale wakongwe wanaopenda kunitania. Wanafunzi wangu nawaambia: mgonjwa akikwambia hana kitu, muulize tena, kisha toka nje ukamuulize aliyemleta.

Na wewe unayesoma hapa, una mtu kwenu ana maneno makali, umeshamwandika kwenye kundi la maadui. Huenda ni adui kweli, mimi simjui. Lakini kabla hujamwandika kwa kalamu ya wino, muulize kwanza alikuwa na maana gani. Wangu nilimuuliza akiwa ameshaponea chupuchupu, na angekufa akiwa ananiombea nifaulu.