Beseni Chini ya Taa

Juzi nilinunua friji, na mngurumo wake ukanirudisha kwenye nyumba za polisi za Nsambya nilikoishi utotoni, alasiri ile umeme uliporudi. Uani watoto walishangilia. Ndani, jaja, bibi yangu, aliegemeza sikio kwenye friji yetu. Bwawa jipya la umeme lilikuwa limefunika shamba lake na maporomoko aliyozoea kulala akiyasikia.

"Inanguruma kama maji yangu," alisema.

Mama alicheka. "Maji yako ndiyo haya yanayowasha taa, jaja."

Nikaweka beseni chini ya taa ili yamdondokee.

"Toa hilo beseni, mtu atajikwaa," mama alisema.

"Liache," jaja akamjibu, akasogeza mkeka, tukangoja pamoja.

Siku hizi umeme haukatiki ovyo, nami nashukuru. Najua maji hayapiti kwenye waya. Ninachojiuliza kila friji inaponguruma ni kama jaja naye alijua.