Nyavu za Pomboo Nilizozizuia Dodoma

Kosa ni langu jamani, na safari hii simsingizii shetani wala bosi. Pomboo wale nimewaua mimi, mtu wa Mkonze, huku Dodoma, ambaye bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda tu!

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mashirika yanabinafsishwa, watu wanapunguzwa kazini kila kukicha. Mimi nilibahatika kutunza stoo ya shirika dogo hapa Dodoma. Tulipokea vitu kutoka kwa wafadhili na kuvipeleka kwenye vikundi vya vijijini.

Kikundi kimoja kilikuwa cha wavuvi wa pwani ya kusini, wanaolinda nyangumi na pomboo. Mpango wao ulikuwa rahisi. Pomboo akinaswa, mvuvi anakata wavu wake kumwokoa, halafu kikundi kinampa wavu mwingine uliotoka kwa wafadhili. Bila huo wa kumfidia, nani atakata riziki yake?

Marobota ya nyavu yalipofika stoo, kiongozi wao, Bakari, alikuja mwenyewe kuyachukua. Nikakataa. Nikamwambia asubiri Bunge likae, mmoja wa waheshimiwa aje kama mgeni rasmi ayakabidhi, tupige picha.

Ndivyo tulivyozoea, lakini leo nasema ukweli: ruhusa ya kumpa nilikuwa nayo. Nilitaka ile picha! Nilitaka mkubwa anione, ili panga la kupunguza wafanyakazi likipita linikwepe.

"Bwana, nipe hata robota moja nibebe begani," Bakari alinisihi. "Kuna mwenzetu ameshakata wavu wake. Yuko nyumbani tu, watu wanamcheka."

"Kaka, haraka ya nini, kwani samaki wataisha baharini?" nikamtania.

Hakucheka. "Pomboo anavuta hewa kama wewe. Akizuiwa chini anakufa kwa kukosa pumzi. Ukimsogelea unamsikia anahema kama mgonjwa."

Akaondoka mikono mitupu. Mgeni rasmi akaahirisha, akaahirisha tena.

Siku alipokuja hatimaye, Bakari naye tulimwita. Akashika robota, akapigwa picha, hakutabasamu hata kidogo. Watu walipoanza kunywa soda, akanivuta nyuma ya turubai.

"Alinaswa pomboo mama, mwanawe anamzunguka," akaniambia. "Niliwaomba wavuvi wakate. Wakaniuliza, wavu wa mwenzetu uko wapi? Wakanizuia nisiguse wa kwao. Nilikaa kwenye mtumbwi nikimsikiliza anavyohema mpaka akanyamaza. Mtoto hakutaka kumwacha, wakamchukua na yeye. Wote wawili wakawa chambo cha papa."

Nilitamani ardhi inimeze!

Nyavu hakuzichukua. Alisema kikundi kimekufa, hakuna anayemwamini tena kijijini. Basi zikagawiwa kwa wakulima wa zabibu Hombolo, wafunikie mizabibu ndege wasile. Na mimi, sijui haya yangu ilikwenda wapi, nikabeba robota moja la shamba letu la zabibu!

Na kazi? Nilipunguzwa mwaka uleule, picha yangu na mkubwa ikiwa bado imetundikwa ofisini.

Tangu hapo sina amani. Nikiwa shambani, upepo ukipita kwenye zile nyavu, nasikia mtu anahema mgongoni kwangu. Nageuka, hakuna mtu. Nimeombewa, nimefunga, wapi! Nimemwuliza mke wangu kama na yeye anasikia. Anasema ni majani.

Ndugu yangu unayesoma, kitu cha watu kikifika mikononi mwako, kiachie kiende. Usikiwekee sherehe. Kuna mtu huko mbali ameshawaahidi wenzake, na wewe humwoni.

Juzi tetere alinaswa pale shambani. Nilimkuta ananing'inia, mdomo wazi, kifua kinapanda na kushuka. Nikachukua kisu nikaanza kukata.

"Wewe baba una akili kweli?" mke wangu akapiga kelele. "Wavu mzima kwa ndege mmoja!"

Tetere aliruka akaenda zake, na mimi nikaendelea kukata.