Mshukiwa Wangu wa Sokoni Lyulilo

Leo nimemkamata mtu ambaye sikupaswa hata kumtazama.

Taa ya karabai ya boma imeibwa. Bwana DC akanituma mimi, askari kanzu wake, nimsake mwizi sokoni Lyulilo.

Mwanamke mmoja kuniona tu, akajifunika uso, akakimbilia migombani na chungu chake.

Nikajisemea, mtu safi anakimbia nini?

Nikamfukuza, nikamshika mkono. Chungu kikaanguka, kikavunjika. Ndani visamaki vya usipa tu.

Soko zima likatuzunguka.

Bibi muuza vyungu akaniambia taratibu, "Mwachie, baba. Huyo ni mkamwana wako."

Mwanangu alioa nikiwa kazini Tukuyu, mkewe sikuwahi kumwona. Na kwetu mkamwana humkimbia baba mkwe. Ndiyo heshima yenyewe.

Sasa DC anauliza kama nimeshika mtu.

Nyie mngemjibuje?