Matembezi ya Hasani

Juzi, nikiwa wodi ya wazazi hapa Malindi, nilisikia watu wa matembezi ya hisani wakipita na tarumbeta, nikacheka peke yangu. Utotoni, mimi na rafiki yangu Kadzo tulitembea hivyo kutoka Kilifi, siku kadhaa, ili wodi hii ijengwe. Lami ilituunguza nyayo, vidole vikanukia embe za pilipili. Wakubwa waliposema "hisani", mimi nilisikia Hasani, nikadhani ndiye mgonjwa wetu. Tulipoingia Malindi kwa vigelegele, nikamwamkia muuguzi aliyetupokea.

"Shikamoo. Hasani yuko wapi?"

"Marahaba. Bado hajazaliwa, mwanangu," alinijibu akicheka.

Kadzo alifura. "Tumechubuka miguu kwa mtu ambaye hata hajazaliwa!"

Jana Kadzo alikuja kuniona. Nilimpa mwanangu ampakate.

"Haya, shoga yangu," nikamwambia, "Hasani huyo. Amefika."