Picha moja ya blogu yangu ilivyotaka kumnyang'anya Bibi Nyamizi shamba la karanga

Wakuu, mwangaluka.

Mliozoea nyuzi za "fungua blogu ulipwe ukiwa umelala", huu si mmojawapo. Huu ni wa mtu aliyedanganya mtandaoni mara moja tu, akaja kulazimika kuuthibitisha uongo wake mbele ya baraza. Nasimulia yote, hata yanayonishushia heshima. Nitakachoficha ni jina la kitongoji tu, kwa sababu watu wa pale bado wananisalimia.

Shule niliishia form two. Kichwa kilikuwepo, makalio ndiyo yalikataa kukaa. Nimechunga ng'ombe Igunga, nimepakia tumbaku Urambo, nimeuza asali mjini Tabora. Na popote nilipofika nilikuwa nauliza maswali mpaka watu wanadhani nimetumwa na serikali.

Ndipo likaja wazo la blogu. Nipite kwa baiskeli ile njia ya zamani ya misafara, waliyopita wapagazi na mizigo ya pembe, nihoji wazee, nipige picha, niandike. Template ya bure, ofisi ni simu yenye kioo kilichopasuka.

Jambo la kwanza ambalo hakuna anayekwambia: hakuna anayesoma.

Niliandika makala kumi na moja za kweli tupu. Kuna mzee wa Itetemia alikaa nami siku nzima akinionyesha jinsi wapagazi walivyofunga mizigo yao. Makala ile ilipata views nne. Mbili zilikuwa zangu, nilipoingia kuangalia kama kuna views.

Comment ya kwanza ilipoingia nilikimbia kumwonyesha Mipawa. Huyu ni rafiki yangu, fundi baiskeli wa Chemchem. Ilikuwa ya Kiingereza, inasifia kwamba makala imebadilisha maisha ya msomaji. Mipawa akaomba aone jina la msomaji. Lilikuwa jina la dawa ya upara.

"Hiyo ni roboti, kaka," akasema. "Lakini usiitukane. Ndiyo pekee iliyosoma mpaka mwisho."

Basi. Siku moja naelekea Kigwa, mnyororo ukakatika. Nikaikokota baiskeli mpaka kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. Nje amekaa bibi anamenya karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Unatafuta nini na baiskeli iliyokufa?"

"Natafuta historia."

"Leo haijapita hapa. Kaa ule."

Huyo ndiye Bibi Nyamizi. Mjane, na shamba la karanga nyuma ya nyumba ndilo linalomlisha. Alinipa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, nikala kama mtu aliyetoka jela. Nilikaa kwake wiki tatu nikimsaidia kuvuna. Akawa ananiita mjukuu.

Siku ya kuondoka nikaona nyuma ya nyumba, pembeni mwa shamba, rundo la mawe limepangwa duara, majani yameota juu. Jua la asubuhi limelipiga vizuri. Nikapiga picha, nikamtumia Mipawa nzima nzima. Akajibu, "Kali hiyo." Kwa ajili ya blogu nikaikata pembeni, yakabaki mawe tu.

Halafu, wakuu, kidole kikaniponyoka.

Niliandika kwamba hilo ni kaburi la siri la kirangozi, yaani mtu aliyetangulia mbele ya msafara kuonyesha njia. Kwamba aligoma kwenda pwani, akaacha mizigo, akaoa palepale. Jina la kirangozi sikuwa nalo. Nikatazama simu, jina lililokuwa juu kwenye meseji ni Mipawa. Nikampa.

Mwisho makala ilikosa utamu, nikaongeza sentensi moja: "Ukoo wake bado unaishi jirani na kaburi, na ardhi ile ni yao."

Muikumbuke sentensi hiyo.

Makala ililipuka. Views zilipanda mpaka nikadhani simu imeharibika. Blogu moja ikafanya copy paste, ikaongeza kwamba kirangozi alikuwa mrefu kuliko mlango. Nyingine ikamzika na pembe za ndovu. Ya pili hiyo iligonga nembo yake juu ya picha yangu na kuandika "kutoka maktaba yetu". Mitaani wakaanza kuniita mwanahistoria. Wakuu, mimi wa form two! Nilinunua hadi kalamu ya kuchomeka mfukoni.

Miezi ikapita. Bibi akanipigia kwa simu ya muumini mwenzake wa kanisani.

"Mjukuu, njoo. Maganga na watu wake wamechinja mbuzi kwenye choo cha babu yako."

"Choo gani, bibi?"

"Cha zamani! Kile kilichojaa, marehemu akakifukia na kukizungushia mawe ng'ombe wasitumbukie. Nimewaambia, wananijibu nimetumwa kuficha kaburi. Sasa wamesogeza mpaka, wanataka na shamba."

Nilikaa chini. Palepale nilipokuwa, katikati ya soko.

Mzee Maganga ni jirani wa Bibi, na jirani ni yeye peke yake. Alikuwa amerudi kutoka Mpanda baada ya miaka mingi mno, hata choo hicho kilichimbwa na kufukiwa akiwa huko. Mwanawe alimwonyesha makala kwenye simu. Ukoo unaishi jirani, ardhi ni yao. Mzee wa watu akajiona.

Shauri lilikuwa linakwenda baraza la ardhi la kijiji. Njia ilikuwa moja tu: nisimame nijitangaze mwongo, kalamu mfukoni. Niwaambie ukweli, wakuu, nilifikiria kuhamia Kigoma.

Nikaenda kwa Mipawa kumwomba ile picha nzima. Yangu ilikwishapotea, simu ilidumbukia kwenye ndoo ya asali. Ilibidi nimweleze yote. Alisikiliza huku akiziba pancha.

"Kwa hiyo nilikufa, nikazikwa chooni, na hukuniambia?"

"Nisamehe, kaka."

"Picha sikutumii. Nakuja nayo mwenyewe. Sijawahi kuhudhuria msiba wangu."

Siku ya baraza ofisi ya kijiji ilijaa mpaka madirishani. Mzee Maganga aliweka mezani karatasi zilizochapwa kutoka blogu tatu.

"Mtu mmoja anaweza kukosea," akasema. "Watatu?"

Nikasimama. "Mama mwenyekiti, wote watatu ni mimi. Hao wawili walinakili kwangu. Na mimi nilitunga."

"Huyu kapewa karanga!" akadakia mwanawe Maganga. "Tumemuulizia, aliishia form two. Ataweza vipi kutunga uongo mrefu namna hii?"

Watu wakaona hoja ina uzito. Mimi mwenyewe nilitaka kukubali.

Mama mwenyekiti akavua miwani. "Kijana, una ushahidi gani kwamba wewe ni mwongo?"

Nyuma kabisa, Mipawa akainuka na mafuta yake ya mnyororo mikononi.

"Shikamooni wazee. Mimi ndiye marehemu."

Akatoa kitambulisho. Jina ni hilohilo. Kisha akatoa simu. Mama mwenyekiti akaivuta picha kwa vidole, akawapitishia wajumbe. Kwenye ile sehemu niliyoikata palikuwa na choo kipya cha mlango wa bati, kopo la maji limetundikwa kwenye kijiti, na Bibi Nyamizi anatoka huku ameinua mkono kukataa picha. Na karibu yake, limeegemezwa kwenye mawe yaleyale, lile bamba la zege la choo cha zamani. Bibi alikuja kulihamishia bafuni, ndiyo maana akina Maganga hawakulikuta.

Mjumbe mmoja akakodoa macho. "Hili tundu katikati ni la nini?"

Bibi akamgeukia. "Kwani ninyi kwenu mnatumia nini?"

Kijiji kizima kilianguka kwa kicheko. Hata mgambo alishikilia ukuta.

Mzee Maganga peke yake hakucheka. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo ule udongo wa kaburi..." Mkewe akainuka akatoka nje mbio. Nilikuja kuambiwa walichota kibuyu kizima, wakakiweka uvunguni mwa kitanda, na kila asubuhi mzee alikuwa anajipaka kwenye paji la uso.

Kisha akaniangalia. "Nilirudi kwetu sina anayemkumbuka hata babu yangu. Uliposema jirani, kijana, nilifurahi."

Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Mimi nilitafuta utamu wa sentensi, mwenzangu alikuwa anatafuta babu.

Bibi Nyamizi akajifunga kanga upya. "Babu yako namkumbuka mimi. Hakuwa kirangozi wala nini. Alikuwa na mizinga ya nyuki kule porini, na akishalewa wanzuki anawaimbia nyuki nyimbo za harusi. Njoo nikusimulie. Lakini kwanza urudishe mpaka wangu."

Baraza likaandika shamba ni la Bibi. Mzee Maganga alirudisha mpaka siku ileile, na sasa hakosi pale barazani kwa Bibi, anasikiliza.

Mimi nilifuta makala, nikaandika ya kukiri. Imepata views tisa na comment moja, ile dawa ya upara, inasema imebadilisha maisha yake.

Zile nakala mbili nimewaandikia wenyewe waziondoe, hawajanijibu. Juzi stendi abiria mmoja amenisimulia habari za Kirangozi Mipawa mwanzo mwisho, na nilipompinga akaniambia nisome kwanza. Mipawa naye amebadilisha kibao chake: "Kirangozi Mipawa, Fundi Baiskeli". Anasema wateja wameongezeka.

Nilichojifunza: picha usiyoikata itunze kuliko blogu yenyewe. Na sentensi uliyoiweka kwa ajili ya utamu tu, kuna mtu mahali fulani ataihamia na familia yake.

Adhabu yangu aliitoa Bibi. Nimchimbie choo kipya, maana hicho cha bati nacho kinakaribia kujaa. Nimechimba siku tano, viganja vyote malengelenge. Nilipomaliza alichungulia shimoni, akaridhika.

"Ukilifunika," akasema, "usiweke mawe. Na simu yako nipe mimi."

Wenye blogu humu, uwanja ni wenu. Ila atakayenicheka, atuwekee kwanza picha zake kabla hajazikata.