Kilimi Kilichobaki

Kwaya yetu ya Kashojwa, kambi ya wakimbizi upande wa Mbarara, ilikuwa na kikombe kimoja. Kilikuwa cha plastiki, cha buluu, na kabla hatujaingia kanisani kilipita mkono kwa mkono kikiwa na tangawizi ya moto. Kila mmoja alipiga funda moja, akampa mwenzake. Ukikataa, ulisemwa kwamba unaringa. Mimi nilikuwa wa kwanza kunywa na wa mwisho kumalizia, maana ndimi muimbishaji: naanza wimbo, wengine wanaitikia. Sina shamba la maana wala cheti cha maana, lakini sauti ninayo, na hata watu wa kambi za jirani wanaijua. Kwa hiyo koo lilipofunga, roho iliniruka.

Ulianza uchovu. Kazi yangu ni kutwanga sombe, majani ya muhogo, ya kuuza sokoni, na nimezoea kumaliza kinu kizima huku naimba. Siku hiyo niliinua mchi kidogo tu, nikakaa chini kama bibi kizee. Homa ikafuata. Tezi za shingo zikavimba pande zote mbili kama maharage yaliyolowekwa, na kumeza mate tu ikawa kazi. Kipimo kikasema si malaria. Muuza dawa akanipa vidonge vya amoksilini bila hata kunitazama kooni, nami nikavimeza kwa utii wote, na siku chache baadaye mwili mzima ukatoka vipele vyekundu. Wapo waliosema surua. Wapo waliosema nimerogwa na kwaya ya kanisa la pili. Nilitamani kumjibu kila mmoja kwa jina lake, lakini sauti ya kuwajibia sikuwa nayo. Kuna watu walioufurahia ukimya ule, na ninawajua.

Ndipo akaja jirani yetu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Shangazi. Yeye ndiye mkata vilimi wa mtaa. Kilimi ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya kinywa, na kwetu Kivu ya Kusini wapo wanaoamini kwamba koo likisumbua, kilimi kimerefuka na dawa yake ni kisu. Shangazi hana ubaya wowote. Alikuja kwa moyo mweupe, na kisu chake kidogo kilichopinda amekifunga ndani ya kitambaa kilichopigwa pasi.

"Fungula kinywa," akaniambia, akamulika kwa tochi ya simu. "Eee! Kiko kinalala juu ya ulimi! Nikate saa hii, siku ya Mungu utaimba."

Nilikuwa tayari kabisa. Kwa maumivu yale, mtu angeniambia dawa ni kukatwa kichwa, ningeuliza tu kisu kiko wapi. Nikafungua kinywa. Mama alikuwa pembeni ameshika bakuli la uji wangu. Aliliweka chini, akamshika Shangazi mkono wenye kisu.

"Hapana, dada. Yangu balikata. Ya huyu itabakia. Kesho tunaenda Mbarara."

Shangazi alishangaa, nami nilishangaa zaidi. Mama ana sauti ya puani, na kanisani haimbi, anapiga makofi tu. Siku zote nilidhani amezaliwa hivyo.

Daktari wa Mbarara alikuwa kijana wa Kinyankore, Kiswahili chake cha kuokoteza, mikono yake ya upole. Alitazama vipele kabla ya koo, akaniita bibi kwa lugha yao.

"Nyabo, wewe nakunywa amoksilini?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hii si surua. Hii dawa na hii ugonjwa hapana patana."

Damu ikapimwa, naye akatueleza: homa ya tezi. Inaletwa na kirusi, kinapita kwenye mate, na amoksilini hakiiogopi hata kidogo. Watu wengi hukipata utotoni na wala hawajui. Kikikukuta ukubwani, kinakulaza. Akaniuliza kama kuna mtu nimebusiana naye. Mama akageuka kutazama ukuta. Nilitikisa kichwa kwa nguvu, kisha nikakumbuka kikombe cha buluu na dada mmoja wa sauti ya pili aliyekuwa akilalamikia koo. Nikacheka, na kucheka kukaniuma.

Kilichovimba kooni, akasema, ni mafindofindo, nayo ndiyo yanayokisukuma kilimi. "Kilimi hana makosa. Wacha yeye." Alinipa dawa ya maumivu, akaniambia ninywe maji mengi na nipumzike. Kisha akagusa chini ya mbavu za kushoto, uso ukabadilika. Bandama ilikuwa imevimba, na bandama ya namna hiyo inaweza kupasuka. Kinu, madumu ya maji, jembe: vyote nikakatazwa mpaka aniruhusu yeye.

Mama hakuuliza habari za kinu. Aliuliza, "Sauti itarudia?"

"Itarudi, mama. Lakini polepole. Hapana lazimisha."

Wakati wa kurudi, tulisimama njiani, pale Masha, kupisha ng'ombe wavuke barabara. Mama alisema huku anawatazama wao, si mimi.

"Hata miye nilikuwaka naimbisha. Kisha banakata kilimi. Damu mingi. Maji nikikunywa, yanatokea mu mapua. Kuimba njo ikaisha vile."

Nilimshika mkono. Nilikuwa na uchungu naye, na furaha pia, kwa sababu nilijua sasa amenikinga na nini.

Kupona kwenyewe kulinishinda tabia. Homa ilikwisha, vipele vikapotea, lakini uchovu ulikaa kama mgeni asiye na nauli. Nikimenya ndizi, napumzika. Mama alitwanga sombe yangu, nami kwenye mkeka nikawa namkosoa kwa mikono mpaka akatishia kunipa mchi. Shangazi alikuja kila mara na tochi yake. "Kinapanda," alikiri, kwa huzuni ya fundi aliyenyang'anywa kazi. Yale yalikuwa majuma mazuri. Sijawahi kubembelezwa vile tangu utoto, na nikayazoea upesi kuliko inavyofaa.

Daktari aliponiruhusu, nilirudi kanisani. Kila mwanakwaya alikuwa na kikombe chake: kuna wa bati, kuna wa glasi, na mmoja alikuja na kikombe cha mtoto wake chenye mdomo wa kunyonyea. Shangazi alikaa mbele kabisa, anatazama kinywa changu tu.

Nikaanza. Sauti ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, lakini yangu. Nilimaliza mstari, na kabla kwaya haijavuta pumzi, kuna mtu akaitikia kutoka viti vya nyuma, puani, juu sana, bila kukosea hata neno.

Mikono ya Mama ilikuwa imetulia mapajani. Kwaya wakanitazama, wakingoja niwape ishara waingie. Nikawazuia kwa kiganja, mpaka alipomaliza.