Jina la Lauvaimua Katika Pochi ya Uelese

Uelese, mtoto wa mdogo wake marehemu mume wangu, ana miaka thelathini na minne na hajamaliza kitu chochote alichokianza. Useremala aliuacha kwenye mguu wa tatu wa meza. Chuo cha wachungaji alikitoroka juma la sita, akidai chakula chao kinamuumiza tumbo. Sasa anauza vioo vya simu sokoni Apia, mji mkuu wa visiwa vyetu, na kuwafundisha wateja mambo ya dunia. Namwandika kwa sababu ndugu wa ng'ambo wameuliza kilichotokea, na ni bora wakisikie kutoka kwa mtu anayejua kuandika sentensi.

Lauvaimua ni jina la cheo cha ukoo wetu. Mume wangu alilibeba miaka ishirini na mitatu bila doa. Jina hilo haliombwi. Ukoo hukaa, hubishana, hununiana, mpaka siku wanapokubaliana, ndipo huvishwa mtu. Tangu tumzike mume wangu, huu ulikuwa mwaka wa pili wa kubishana.

Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa kwenye chakula, Uelese aliingia, akaketi, akaegemea nguzo ya mbele ya nyumba. Nguzo hiyo huegemewa na mwenye cheo peke yake. Lagisi, dada wa marehemu, alishindwa kumeza talo, magimbi yetu ya kila Jumapili.

"We Uelese, umechoka mgongo au umechoka kuishi?"

"Tulia, shangazi. Lauvaimua ninalo mimi."

"Unalo wapi?"

"Humu." Akainua simu.

Maelezo yake yalikuwa marefu, ninayafupisha. Ana pochi ya sarafu za kidijitali, hizi zinazoishi kwenye simu tu. Anwani ya pochi ni msururu wa herufi na tarakimu arobaini na ushei ambao hakuna binadamu anayeweza kuunakili bila kukosea. Basi mtandaoni kuna mahali panapouzwa majina yanayosomeka, uweke jina badala ya msururu, ulilipie kila mwaka. Anayewahi ndiye mwenye nalo. Uelese aliandika Lauvaimua, akaambiwa liko wazi, akalipa kwa kadi. Hakuna aliyemuuliza amezaliwa na nani.

"Mama Mkubwa," aliniambia, "ninyi mnabishana mwaka wa pili. Mimi nimemaliza kwa dakika nne."

"Hata jogoo humaliza haraka," akasema Lagisi, "na hadai nguzo."

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka. Tayari wapwa wa Auckland na Brisbane walikuwa wanamwandikia "Lauvaimua wetu wa kisasa". Ningenyamaza, kufika Krismasi wangekuwa wamezoea, na jina alilolala nalo mume wangu kaburini lingekuwa la muuza vioo. Nikauita ukoo.

Tulikutana Jumamosi. Matawi yote matatu yalikuwapo, watu arobaini na moja mikekani, na simu tatu katikati ili ndugu wa ng'ambo wasikie. Mzee Ielemia, msemaji wa ukoo, alishika usinga wake.

"Bwana mdogo, kitu cha jina hili hakikai kwa mtu mmoja. Kinafunguliwa na nini?"

"Na maneno kumi na mawili ya siri, mzee."

"Siri kwa nani? Kwa wenye jina?"

Uelese alikuwa ameonywa na hao wauzaji kwamba maneno hayo asimwambie hata mamaye. Alilijua hilo vizuri. Lakini kwetu mambo ya jina husemwa mbele ya wote, na anayeficha sehemu huitwa mwizi wa jina. Naye alitamani sana kuaminiwa. Akasimama, akayakariri kama mtu anayekariri nasaba: ngazi, bata, mvuke, shangwe, mpaka la kumi na mbili. Ielemia akayarudia mara mbili kwa sauti ya hotuba ili matawi yote yasikie. Mimi sikumzuia. Sikujua madhara yake, na sijuti.

Jumatatu jina halikuwapo. Mtu aliyasikia maneno, akaifungua pochi, akahamisha sarafu zake chache pamoja na jina. Nani? Watu arobaini na moja, na simu tatu. Haijulikani mpaka leo. Jumatano jina likatangazwa kuuzwa, kwa bei ya ng'ombe watatu.

Uelese alinijia analia.

"Mama Mkubwa, jina la ukoo limetekwa. Tuchange tulikomboe."

Na wangechanga! Sisi likitajwa neno ukoo tunavua hata shati. Lagisi alikuwa ameshautoa mkeka wake mwembamba wa harusi, mali yake kubwa kuliko zote, akauuze.

"Limetekwa wapi?" nikamuuliza. "Kuna mtu humu ameamka leo si wa Lauvaimua?"

"Lakini huko mtandaoni watu wataona si letu."

"Tukilipa, tumekiri kwamba lilikuwa la kuuzwa. Kesho atakuja mwingine na jina la babu yako. Lagisi, rudisha mkeka."

"Na huyo mwizi akiwaomba watu pesa kwa jina letu?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la maana kumtoka mwaka mzima. Niliandika mistari minne, ikasomwa kanisani kwetu na kwenye makanisa ya ndugu zetu Auckland na Brisbane: Lauvaimua hana pochi. Atakayeombwa kitu kwenye simu kwa jina hilo anaombwa na mwizi. Uelese sikumtaja, wala haikuwa huruma. Hakustahili mstari.

Aibu ile iliwafunga midomo wabishi. Miezi miwili baadaye ukoo ulikubaliana: jina likaenda kwa Solomona wa tawi la pili, mwalimu wa hesabu, mtu mkimya. Siku ya kumvisha, Uelese alikuja na shati lililopigwa pasi, akitafuta pa kuketi miongoni mwa wazee. Ielemia alimtazama.

"Bwana mdogo, wasio na cheo wako nje, wanapasha moto mawe ya kuokea chakula."

Akaenda. Mchana talo alizooka zilitoka, upande mmoja zimeungua, upande wa pili mbichi. Tukazila. Wageni walikuwa na adabu.